Beseni Juu ya Unyayo

Ukitaka kumuudhi Wegesa, mwambie kwamba kusoma nyayo ni kazi ya wanaume. Atakuuliza ni wanaume wepi hao, wale waliofuata nyayo za punda kutwa nzima wakidhani ni ndama? Kisha atakuacha umesimama hapo na aibu yako, aende zake kukamua.

Ana miaka hamsini na tisa. Ni mrefu, mwembamba, mkali wa maneno, lakini hakuna mtoto anayepita kwake bila kupewa maziwa. Anaishi upande wa Nyanungu, kwenye kitongoji kinachotazama mto, na nyayo alifundishwa na baba yake kwa sababu kaka zake hawakuwa na subira ya kuinama. Ng'ombe mwenye mimba anamjua kwa kina cha kwato za nyuma. Mtu mwenye uongo, anasema, unamjua kwa jinsi anavyobadilisha miguu akiwa amesimama mlangoni.

Huko Tarime sheria ya nyayo ina umri mkubwa kuliko serikali. Ng'ombe wakiibwa, yowe linapigwa, na watu wanafuata nyayo kutoka kijiji hadi kijiji. Kila kijiji kinazipokea na kuonyesha zilikoelekea. Zikiishia mahali na wenyeji wakashindwa kuonyesha njia zilikotokea kwenda mbele, wenyeji hao ndio wanaolipa ng'ombe. Kwa hiyo watu wa huko wanajifunza mambo mawili tangu utotoni: kusoma nyayo na kuzifuta. Ukiamka ukakuta nyayo ngeni zimeelekea kwenu, unafungulia mifugo yako ipite juu yake, halafu unarudi kunywa uji kama vile hukuona kitu. Hakuna anayeiita dhambi. Inaitwa akili.

Wegesa hakujaliwa mtoto. Mumewe alipofariki, alifanya kile ambacho mila inamruhusu mwanamke wa Kikurya mwenye ng'ombe na asiye na mrithi: alioa. Alitoa mahari, akamleta Eunice nyumbani, na watoto wawili ambao Eunice amezaa ni wa nyumba ya Wegesa, wana jina la nyumba hiyo na urithi wake. Watu wa mijini wakisikia habari za ndoa hiyo, nyumba ntobhu, wanatoa macho. Wenyewe hawana nafasi ya kushangaa, wanagombania chumvi. Eunice humwita mwenzake Mama, naye Wegesa humwita mkamwana wangu, na kama kuna mtu anampenda mwenzake zaidi katika nyumba ile, basi hajajulikana ni nani.

Siku yenyewe ilikuwa ya Novemba, ardhi imelainika kwa mvua za vuli. Wegesa alitoka asubuhi kwenda zizini, akaona mstari wa nyayo unatoka mtoni, unapita kando ya uzio wake wa minyaa na kuingia kitongojini. Gambuti. Mtu mzima, hana haraka, amebeba kitu kizito upande wa kulia, maana mguu wa kulia ulizama zaidi. Kisigino cha kushoto kilikuwa na kiraka, na kiraka kilikuwa kimeshikwa na misumari mitatu iliyoacha vitundu vitatu kwenye tope. Alikuwa bado ameinama aliposikia yowe kutoka mtoni.

Akili yake ilikimbilia kwenye ng'ombe. Mwaka juzi tu nyayo zilikuwa zimeishia hapo kwao, na katika ng'ombe waliotolewa faini, watatu walikuwa wa zizi lake, mmoja yule mwekundu aliyekuwa akimfuata hadi jikoni. Hakufikiri mara mbili. Aliondoa magogo ya mlango wa zizi, akawapitisha ng'ombe wake kumi na mmoja juu ya zile nyayo, wakaenda, wakarudi. Palipobaki tope tupu, ndipo alipojifunga kanga kiunoni akakimbilia kwenye yowe.

Hakuna ng'ombe aliyekuwa ameibwa. Kwenye majani ya kando ya mto alikuwa amelala Waisiko, mjane wa nyumba ya tatu kutoka kwake, rafiki mkubwa wa Eunice, amenyongwa kwa kanga yake mwenyewe. Ndoo yake ilikuwa imesimama pembeni, imejaa maji.

Eunice alianguka chini akalia. Wegesa akamshika mabega. Wakati huo wanaume walikuwa wameshaanza kufuata nyayo, wakiongozwa na Nchagwa, mwenyekiti wa kitongoji, na majani yaliyolala, yasiyoshika alama ya kisigino, yaliwapeleka moja kwa moja mpaka kwenye uzio wa minyaa na bahari ya kwato.

"Mama Wegesa," Nchagwa alisema, "leo umewatoa ng'ombe mapema."

"Ng'ombe hawana saa," alijibu.

Nchagwa hakuuliza zaidi. Na yeye angefanya vilevile, na alijua kwamba Wegesa anajua hivyo. Basi neno likafa hapo, Waisiko akazikwa, na Wegesa akabaki na kile kisigino chenye vitundu vitatu kichwani mwake, hakuna mwingine duniani aliyekiona.

Angeweza kusema siku ileile. Angeweza kusema kesho yake. Lakini kila siku iliyopita iliongeza uzito wa kusema, na yeye, ambaye ulimi wake huwa haumngoji, akawa anajiambia kwamba labda muuaji ni mpita njia, ameshavuka mpaka, hatarudi. Tunajidanganya vizuri sana tunapokuwa na sababu.

Maisha yakaendelea kwa namna yake. Baada ya wiki mbili alikuja Simioni, mpuliza dawa ya kupe, aliyekuwa akizunguka mazizi ya Tarime na Serengeti na bomba lake begani. Bomba lile lilivuja tangu watu wamfahamu. Lilimdondoshea dawa nyeupe kwenye paja la kulia mpaka suruali ikababuka rangi.

"Simioni," Wegesa alimtania kama kawaida, "kupe wote wa Mara watafia kwenye suruali yako."

Simioni akacheka. Akampa Eunice pole ya rafiki yake, akapulizia ng'ombe wote kumi na mmoja, akapewa uji wa ulezi. Zizini tope lilifika vifundoni, na katika tope la zizi hata Wegesa hasomi kitu. Wala hakujaribu kusoma. Nani anamsoma mtu anayekunywa uji wake?

Mwezi wa Februari habari ikafika kwa simu kutoka Nyamwaga. Elieth, binti fundi cherehani, miaka ishirini na minne, aliyekuwa akiishi na mama yake tu, amekutwa kwenye shamba la migomba. Kanga yake mwenyewe, vilevile.

"Nyayo je?" Wegesa alimuuliza aliyeleta habari.

"Wanasema gambuti. Lakini msimu huu nani hana gambuti?"

Wegesa aliingia ndani akakaa kitandani. Alihesabu miezi: Novemba, Desemba, Januari, Februari. Miezi yote hiyo mtu yule alikuwa akitembea kwa uhuru, na njia yake alikuwa ameifagia yeye, kwa ng'ombe wake, kwa mikono yake. Kama angesema, labda wangemtafuta mwenye kiraka. Labda yule binti angekuwa anashona. Uji wa jioni aliwaachia watoto, na wa asubuhi pia.

Juma lililofuata vijana walimkamata Ouma. Ouma ni Mluo muuza samaki, anapita na baiskeli yake nyumba hadi nyumba akipiga kengele na kuwaita wateja, na siku aliyouawa Elieth kuna mtu alimwona Nyamwaga. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake lote. Wegesa alipofika penye mti wa bendera, mbele ya ofisi ya kitongoji, alimkuta amefungwa kamba, mdomo unavuja damu, samaki wamemwagwa vumbini na tairi kuukuu limeshaletwa. Kila mtu wa huko anajua tairi linaletwa kwa kazi gani.

"Nyasaye," Ouma alikuwa akisema, akimwita Mungu wake kwa Kiluo, "mimi nauza samaki tu. Samaki tu."

Wegesa akapita katikati ya vijana, akasimama mbele yake.

"Mtazameni miguu," alisema. "Huyu mna miaka sita mnakula samaki wake, lini amevaa kitu kingine zaidi ya kandambili? Aliyemuua Waisiko amevaa gambuti. Kisigino cha kushoto kina kiraka na misumari mitatu. Na anabeba mzigo upande wa kulia."

Nchagwa akatoka ofisini.

"Umejuaje hayo, Mama?"

"Niliziona nyayo."

"Ziko wapi?"

Mficha uchi hazai, wanasema, na Wegesa alishakuwa ameficha wa kutosha. "Nilizifuta. Niliposikia yowe nilidhani ni ng'ombe wameibwa, nikazipitishia mifugo. Nikakaa kimya, na binti wa watu akafa Nyamwaga. Mkitaka kumfunga mtu kwenye huo mti, nifungeni mimi. Mura, kijana wewe uliyeshika kamba, njoo."

Yule kijana hakwenda. Aliitazama kamba mkononi mwake, akaanza kumfungua Ouma taratibu. Polisi walikuja wakamchukua Ouma, wakamhoji, wakamwachia siku ya pili. Wakaandika maelezo ya Wegesa pia, ukurasa mzima, naye akaweka sahihi yake chini ya kila neno.

Wazee waliitisha ritongo, mkutano wa mila ambamo mambo mazito hukatwa. Walimsema Wegesa mpaka jua likageuka. Aliyesema sana ni mzee mmoja ambaye kila mtu anajua ng'ombe wake wamefagia nyayo nyingi kuliko mvua. Mwishoni Nchagwa akasimama, akasema jambo ambalo halijawahi kusikika kwenye kitongoji kile: kuanzia leo, yowe likipigwa, hakuna ng'ombe kutoka zizini. Nyayo zifunikwe. Kwa chochote mtu alichonacho.

Hayo yote Wegesa aliyabeba. Ambacho hakuweza kukibeba ni Eunice.

"Nilipokuwa nalia pale mtoni," Eunice alimwambia, "ulinishika mabega. Na ulikuwa unajua." Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga kelele. Tangu siku ile alipika, alilima, alikamua, alijibu alichoulizwa, lakini neno Mama halikutoka tena mdomoni mwake. Ilifika miezi miwili. Wegesa alikuwa akimsikia akicheka na watoto nje, na akitokea yeye tu mlangoni, kicheko kinaisha.

Asubuhi moja ya Aprili, wingu la masika limekaa juu ya vilima vya upande wa hifadhi, Eunice alikwenda mtoni kufua. Wanawake wengine walikuwa hatua mia moja chini yake, nyuma ya matete. Wegesa alikuwa anafunga ndama aliposikia yowe, na kabla hajasikia maneno alitambua sauti.

Hajui alifikaje. Anakumbuka nguo mbichi zimetapakaa, na Eunice ameketi chini, kanga imechanika, shingo ina alama nyekundu, anahema. Yuko hai. Mtu alimrukia kutoka nyuma, amejifunga kitambaa usoni. Eunice alimpiga kwa fungu zima la nguo mbichi, akamng'ata mkono mpaka akasikia ladha ya damu, akapiga yowe, na yule mtu akakimbilia vichakani. Wegesa alipiga magoti akamkumbatia.

Eunice akanyoosha kidole. Hatua chache kutoka pale, kwenye tope la ukingo, beseni lake la bluu lilikuwa limefudikizwa chini.

"Nimeufunika, Mama," alisema. "Usiache ng'ombe wapite."

Wegesa alilia hapo, na haoni aibu kusema hivyo mpaka leo. Kisha matone ya kwanza ya mvua yakaanguka, akasimama akafuta macho na kuwa yule Wegesa wa siku zote. "Mabeseni!" alipaza sauti. "Leteni mabeseni!"

Wakaja na kila kitu. Mabeseni mekundu na ya kijani, sufuria, ndoo, mfuniko wa pipa, karai la zege. Wegesa alitembea mbele kando ya mstari, ameinama, akinyooshea kidole, na nyuma yake wanawake wakafunika unyayo mmoja mmoja: kutoka mtoni hadi kwenye kichaka, kutoka kichakani kuelekea barabara ya Nyamwaga. Ng'ombe dume wa mtu akatokea akitaka kupita, na Nchagwa mwenyewe, mwenyekiti mzima na kofia yake, akamzuia kwa kumkumbatia shingo huku akiapa kwa Kikurya maneno ambayo hayafai kuandikwa. Mvua ikashuka kwa nguvu. Hakuna aliyekwenda kujikinga. Walisimama kila mtu pembeni ya chombo chake mpaka ikakatika, na wakati huo askari wakawa wameshafika.

Beseni la bluu lilifunuliwa la kwanza. Kisigino cha kushoto, kiraka, vitundu vitatu. Askari akapiga picha. Wakafunua la pili, la tatu, yote sawa. Lakini walipofika ng'ambo ya kichaka, Wegesa aliona kitu ambacho Novemba hakupata muda wa kukitafuta. Mguu wa kulia ulikuwa umeanza kuzama zaidi, maana hapo mtu yule alikuwa amechukua mzigo wake aliouficha, na pembeni ya kila unyayo wa kulia kulikuwa na matone meupe yaliyohifadhiwa na sufuria za watu.

Akapiga magoti, akagusa, akanusa kidole. Akanusa tena.

"Ni nini, Mama?" Eunice aliuliza.

Wegesa akampa kidole anuse. Eunice akanusa, na uso wake ukabadilika.

"Dawa ya kupe," alisema. "Simioni."

Kikulacho ki nguoni mwako. Mtu aliyeketi kwenye kigoda chao, aliyewapa pole, aliyejua kila nyumba ambayo haina mwanamume kwa sababu zote zilimfungulia zizi. Walimkamata kesho yake upande wa Mugumu, kwenye mnada wa ng'ombe, bomba begani na gambuti miguuni, mkono una alama za meno ya Eunice. Nani hutupa gambuti ambazo hazijaisha? Kwenye chumba alichopanga walikuta futi ya kupimia ya Elieth, imekunjwa vizuri. Kesi iko mahakamani. Wegesa ameshatoa ushahidi wake, na wakili alipomuuliza kama mwanamke anaweza kweli kuzijua nyayo, hakimu alilazimika kumwomba shahidi ajibu kwa ufupi.

Ouma alikaa miezi mitatu bila kupita. Siku aliyorudi alipiga kengele mbali, kwenye njia panda, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole cha mguu. Yule kijana aliyeshika kamba ndiye aliyekwenda kumpokea baiskeli. Samaki waliisha kabla hajafika kwa Wegesa, naye akalalamika, na Ouma akasema kesho atamwekea wake. Amemwekea tangu hapo.

Ilibaki safari moja. Wegesa aliiahirisha mara nne, mpaka Eunice akavaa gauni lake la kanisani asubuhi moja akasema, "Twende, Mama. Hutaenda peke yako." Wakapanda gari la Nyamwaga.

Mama yake Elieth aliwapokea uani, chini ya dirisha ambalo ndani yake cherehani ilikuwa bado imefunikwa kitambaa. Ni mwanamke mfupi, mkubwa kwa Wegesa kwa miaka kama kumi.

"Shikamoo, mama," Wegesa alisema.

"Marahaba."

Wegesa hakukaa kwenye kiti alichopewa. Alieleza yote akiwa amesimama, tangu uzio wa minyaa hadi ng'ombe kumi na mmoja. Hakusema kwamba ni mila, wala kwamba kila mtu angefanya hivyo. "Niliuona unyayo wake kabla binti yako hajafa," alimaliza. "Nikaufuta."

Kuku walipita, mtu akapita barabarani akasalimia, hakujibiwa.

"Ulikuwaje?" aliuliza hatimaye. "Nionyeshe."

Wegesa akachuchumaa. Kwa kidole chake, kwenye udongo laini wa ua uliofagiwa asubuhi ile, akachora gambuti la kushoto, kubwa, kamili. Akachora kiraka. Akabonyeza vitundu vitatu.

Mama Elieth aliinama akautazama vizuri, kama mtu anayesoma barua. Kisha akavua kandambili yake, akaweka mguu wake mtupu juu ya ule mchoro, akaufuta. Aliufuta taratibu, kuanzia kisigino, mpaka ua ukawa hauna kitu.

"Huu," alisema, "ndio wa kufutwa."

Akavaa kandambili yake, akamshika Eunice kidevu, akaitazama shingo yake ambayo alama zake zilikuwa zimeshapona.

"Ingieni ndani," alisema. "Uji unapoa."